Kuwasomesha wanafunzi makasri ya Unguja: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Kila msimu wa ziara walimu wenzangu wananieleza jambo lile lile. Gari limekodiwa, wazazi wamechanga, siku nzima imekwisha, na wanafunzi wamerudi na picha zao wenyewe mbele ya nguzo za Kasri la Maruhubi. Ukifungua daftari unakuta mstari mmoja: "Lilijengwa na Sayyid Barghash." Mimi pia yalinikuta, mara mbili, na mara ya pili niliumia zaidi kwa sababu nilikuwa nimewapitisha watoto sehemu sita kwa siku moja.

Kosa si la wanafunzi, ni la mpangilio wetu. Tunamwonyesha mtoto gofu kabla hajaona jengo zima la namna ile, kwa hiyo mbele yake ni mawe tu. Kisha tunamwingiza makumbusho kabla hajajua kiti kile na sahani ile vilikaa katika nyumba ya aina gani. Mwongozo huu unafuata mpango mmoja: kizima kwanza, gofu baadaye, makumbusho mwisho. Yaani hamamu (nyumba ya kuogea) ya Kidichi, kisha magofu ya kasri la Mtoni na la Maruhubi, na siku nyingine Kasri la Makumbusho pale Forodhani.

## Vitu vya kutayarisha

- Barua ya skuli kwenda Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale, wiki tatu kabla. Taja idadi ya wanafunzi, tarehe, na useme wazi kwamba mtapima na kuchora. Ulizia hapo hapo kiingilio cha wanafunzi na kama sehemu zote ziko wazi.
- Ridhaa za wazazi kwa maandishi.
- Utepe wa kupimia wa mita 30, mmoja kwa kila kundi. Kama hamna, fungeni kamba mafundo kila nusu mita. Msitumie nailoni nyembamba. Inavutika na vipimo vinadanganya.
- Penseli, kifutio, karatasi za miraba na kipande cha kadibodi ngumu cha kuandikia. Kalamu za wino ziacheni nyumbani. Jasho likidondoka kwenye karatasi, wino umekwisha kazi.
- Tochi mbili kwa ajili ya Kidichi.
- Maji, lita moja na nusu kwa kila mtu, kofia au mtandio, na viatu vinavyofunika vidole. Kandambili hazifai kabisa kwenye magofu.
- Kisanduku cha huduma ya kwanza.
- Simu moja tu ya kupigia picha, ya mwalimu. Nimejaribu kuwaachia wanafunzi simu zao. Mtoto akishapiga picha anaona ameshatazama.

Chakula kiwe chepesi: mandazi, mayai ya kuchemsha, machungwa, ndizi. Biriani iliyokaa garini tangu asubuhi ni hatari.

## Hatua ya 1: Chagua siku kwa kuangalia mwezi

Mtoni ni kasri la pwani. Wageni walilifikia kwa mashua, na uso wake unatazama bahari. Ili wanafunzi walione walivyoliona wageni, lazima wasimame mchangani, na ili wasimame mchangani maji yawe yamekupwa.

Kwetu Unguja, siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kukupwa sana, maji hukupwa kiasi cha saa nne au saa tano asubuhi. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Basi tazama kalenda ya Kiislamu: tarehe 1 hadi 3, au 15 hadi 17, ndizo siku zako. Kila siku inayofuata maji huchelewa kwa karibu dakika 50, kwa hiyo ukisogeza ziara kwa siku nne tu, mpango wa asubuhi umeharibika.

Epuka masika, Machi hadi Mei, kwa sababu kuta zilizolowa ni dhaifu na sakafu zinateleza. Epuka Ijumaa na mwezi wa Ramadhani. Juni hadi Agosti, wakati wa kusi, ndiyo miezi mizuri.

Dalili ya kufanikiwa: una tarehe moja, na ya akiba wiki mbili mbele.

## Hatua ya 2: Nenda mwenyewe kwanza

Usiruke hatua hii hata kama ulifika mwaka jana. Magofu yanabadilika: ukuta umeanguka, njia imefungwa, nyasi zimepanda. Nenda wiki moja kabla, msalimie mlinzi, mwulize wapi hapaswi mtu kupita. Mpitie na sheha wa mahali. Wanafunzi thelathini wakiteremka garini bila ya taarifa, wenyeji wana haki ya kuuliza.

Mlinzi mmoja, mtu mzima, aliwahi kunishika mkono na kunionyesha kisima kilichofunikwa na majani, hatua mbili tu kutoka mahali nilipokusudia kuwapanga watoto. Kwenye mchoro wangu wa siku ile nilipazungushia duara jekundu. Nawe fanya hivyo: kila hatari iwe na duara lake, na kila kiongozi wa kundi awe na nakala.

## Hatua ya 3: Somo la dakika arobaini darasani

Kazi ni mbili tu.

Ya kwanza, kila mwanafunzi apime mwili wake kwa sentimita na aandike kwenye jalada la daftari: shubiri yake (kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo, kiganja kikiwa kimetanuliwa), mkono wake (kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati), na pima yake (mikono ikiwa imenyooshwa pande zote mbili). Vipimo hivi ndivyo vya wazee wetu, na mwanafunzi aliyevibeba mwilini hawezi kusema utepe ulikuwa kwa kundi jingine.

Ya pili, waeleze boriti. Nyumba za mawe za Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zikabebwa na boriti za mikoko. Boriti ina urefu wake. Mkoko haukui ukawa mnazi. Kwa hiyo chumba kinaweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake unafungwa na boriti, kiasi cha mita tatu hivi. Mwanafunzi akishalijua hili, hatouliza tena, "Mwalimu, mbona mfalme alikaa vyumba vyembamba?"

Dalili ya kufanikiwa: ukitaja shubiri, kila mtu anatazama kiganja chake na kutamka namba.

## Hatua ya 4: Kidichi, jengo zima

Gari liondoke saa mbili kamili. Pitieni Bububu, kisha pandeni shamba. Hapa ndipo mahali pa mbali zaidi, kwa hiyo mnaanzia mbali na kurudi mjini polepole.

Hamamu ya Kidichi ilijengwa 1850 kwa amri ya Sultani Sayyid Said bin Sultan kwa ajili ya mkewe Shehrzad, aliyekuwa wa ukoo wa Shah wa Uajemi. Kwa kazi yetu lililo kubwa ni hili: makuba yake yapo na vyumba vyake vipo. Mtoni na Maruhubi mtakuta hamamu zilizovunjika. Aliyesimama ndani ya Kidichi ataweza kuzijenga upya kichwani mwake.

Ingizeni wanafunzi wanane wanane, si zaidi. Wengine wachore jengo kwa nje, wahesabu makuba na watazame maji ya mvua yanaelekea wapi.

Ndani, kila kundi lijibu maswali matatu kwa kuonyesha kidole, si kwa maneno:

1. Mtu aliingia wapi na kuvua nguo wapi?
2. Maji yaliingilia wapi na kutokea wapi?
3. Mwanga unatoka wapi?

Swali la pili ndilo gumu, na ndilo lenye faida. Wacha wapige magoti wafuate mifereji ya sakafuni kwa tochi. Usiwajibie. Nimeona watoto waliokuwa wakisinzia garini wakigombania tochi kwa sababu mfereji mmoja umepotea chini ya ukuta.

Kisha waende kwenye nakshi za plasta. Zimefanywa kwa mtindo wa Kiajemi: maua, miti, ndege. Kila mwanafunzi achague eneo dogo la ukuta, kiasi cha shubiri mbili kwa mbili, alichore hilo tu kwa dakika kumi na tano. Ukimwambia achore ukuta mzima atachora mistari ya haraka. Ukimwambia achore ua moja ataona kwamba petali ya kushoto imekatika, na kwamba weusi ulio juu yake ni ukungu wa unyevu, si rangi ya fundi.

Onyo: asiguse mtu nakshi, hata kwa ncha ya penseli. Plasta ile ni chokaa ya zaidi ya miaka 170, na mafuta ya vidole yanabaki.

Dalili ya kufanikiwa: kila mmoja ana mchoro wa kitu kimoja, na angalau makundi mawili yanabishana kuhusu njia ya maji. Mabishano hayo msiyamalize. Yapelekeni Mtoni.

## Hatua ya 5: Njiani

Mnaporudi kwenye barabara kuu mtapita Kibweni, ambako kuna kasri lililojengwa 1915 na ambalo ni nyumba ya Serikali. Hakuna kusimama wala kupiga picha. Waambie wanafunzi mapema, mkiwa bado Bububu.

## Hatua ya 6: Mtoni, kutoka mchangani

Fikeni saa nne na nusu. Msiingie ndani kwanza. Washusheni wote ufukweni, wageuke, walitazame kasri kwa dakika tano bila ya kusema.

Hili ndilo kasri kongwe la Sayyid Said hapa Unguja, na ndimo alimozaliwa binti yake Sayyida Salme mwaka 1844. Miaka mingi baadaye, akiwa Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, aliandika kumbukumbu zake, zikachapishwa 1886. Ameueleza ua mkubwa uliojaa tausi, paa na mbuni, na ameeleza roshani ya mviringo iliyotazama bahari, ambako baba yake alikuwa akitembea huku na huko akiwa na mawazo yake.

Haya wasomee pale pale, kwa sauti, mistari michache tu uliyoiandika kwa Kiswahili chako. Usimalize. Simamia pale anapotaja roshani, kisha uliza: "Kama ingekuwa juu ya ukuta huu, ingekuwa wapi?" Wanafunzi wangu wengi hunyoosha vidole pande tofauti. Ndipo tunaingia ndani kutafuta ushahidi.

Kazi ya ndani ni kusoma ukuta. Chagua ukuta mmoja ulio salama na uwaonyeshe tabaka zake: jiwe la tumbawe ambalo ukilitazama kwa karibu utaona matundu madogo ya viumbe wa baharini, chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo, kisha lipu. Halafu watafute matundu ya boriti, mstari wa mashimo yaliyopangwa kwa usawa ukutani. Kila mstari ni dari moja. Wakihesabu mistari wamehesabu ghorofa, na hawakuhitaji kuambiwa na mtu.

Wapime pia upana wa chumba kimoja. Wasimame ukuta hadi ukuta, mikono imenyooshwa. Wakiona upana ni kiasi cha pima mbili tu, mtoto ameushika urefu wa boriti kwa mwili wake.

Mkikuta sehemu iliyozibwa kwa saruji ya kijivu, simameni hapo kidogo. Ukuta wa tumbawe unanyonya unyevu na kuutoa kupitia chokaa. Saruji inauzuia, unyevu unatafuta njia nyingine, na kiraka kinabanduka na kuondoka na jiwe lake. Watoto wengi wanaishi katika nyumba zenye ugonjwa huo huo, na hapa ndipo mara nyingi anapotokea mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana kwa bibi."

Onyo: hakuna kupanda ukuta, hakuna kukaa chini ya tao, hakuna kutia mkono katika shimo lolote. Manyigu na nyoka nao wana makaazi yao.

Dalili ya kufanikiwa: idadi ya ghorofa imeandikwa, na pembeni yake sababu.

Baada ya hapo ni chakula, sala ya adhuhuri na kupumzika kivulini hadi saa saba na nusu. Usiibane nafasi hii. Kazi ya Maruhubi inataka akili iliyotulia.

## Hatua ya 7: Maruhubi, kupima nguzo

Hapa ndipo ziara nyingi zinapofeli, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Sultani Sayyid Barghash, mtoto wa Sayyid Said, alilijenga kasri hili kati ya 1880 na 1882, kiasi cha kilomita 4 kutoka mjini. Liliungua 1899. Moto ulikula mbao, ukaacha mawe: ndiyo maana Mtoni unaona kuta na Maruhubi unaona nguzo. Waulize wanafunzi tofauti hiyo kabla ya kuwaeleza. Waliotoka kusoma matundu ya boriti hupata jibu wenyewe.

Lengo ni kila kundi kupata mchoro wa safu moja ya nguzo uliopimwa. Safu moja inatosha.

7.1. Chora kwanza bila ya vipimo. Mchoro wa mkono, mkubwa, unaojaza karatasi, kila nguzo ikiwa na namba yake. Ukianza na utepe kabla ya mchoro, namba zinakosa pa kukaa, na jioni hakuna anayejua 2.85 ni ya wapi.

7.2. Nyosha utepe mara moja, usome mfululizo. Sifuri ikae ukingo wa kushoto wa nguzo ya kwanza, na utepe upite kando ya nguzo zote hadi ya mwisho. Msomaji atembee na kutaja namba kwenye ukingo wa kushoto wa kila nguzo. Wanafunzi hupenda kupima nguzo hadi nguzo, wakianza upya kila mara. Kosa la sentimita mbili likirudiwa mara kumi linakuwa sentimita ishirini, na mchoro hautofunga.

7.3. Kushoto kwa kushoto. Hili ndilo kosa la wote. Mtoto anapima nafasi tupu iliyo kati ya nguzo mbili na kuisahau nguzo yenyewe. Ukipima kutoka ukingo wa kushoto wa nguzo moja hadi ukingo wa kushoto wa nguzo ya pili, umepata umbali wa kati kwa kati bila ya kuitafuta kati yenyewe.

7.4. Unene. Nguzo ya mviringo izungushie kamba, pima kamba, kisha gawa kwa 3.14. Ya pembe nne pima pande zote mbili. Pimeni kwenye urefu ule ule, usawa wa kifua, kwa sababu nguzo zimekulika chini.

7.5. Mshalo. Kama kundi linapima chumba cha hamamu, pande nne hazitoshi. Vyumba vya zamani havina pembe za mraba kamili. Pima mishalo yote miwili, kona hadi kona. Bila ya mshalo unaweza kuchora vyumba mia tofauti vyenye pande zile zile nne.

7.6. Mmoja asome, mmoja arudie kwa sauti, mmoja aandike. "Mbili nukta nane tano." "Mbili nukta nane tano." Ndipo penseli iguse karatasi. Inachosha masikio, lakini inaokoa kazi nzima.

Makundi yakimaliza, wapelekeni kwenye mabirika ya maji na hamamu, na wayafungue yale mabishano ya Kidichi: maji yaliingilia wapi, yakatokea wapi? Marumaru ya hamamu yaliibiwa zamani, lakini umbo la vyumba limebaki. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, ambaye darasani hanyanyui mkono, alisimama katikati ya chumba kile kisicho na dari akatuambia pa kuvua nguo, pa maji na pa kutokea. Alikuwa akisema huku akitembea. Hakuna aliyemkatiza.

Onyo: mabirika yana mayungiyungi na majani juu, na kina chake hakionekani. Mwalimu mmoja asimame hapo muda wote.

Dalili ya kufanikiwa: namba ya mwisho ya utepe inalingana, ndani ya sentimita tano, makundi mawili yakipima safu moja kutoka pande mbili.

## Hatua ya 8: Chora safi kesho yake, si wiki ijayo

Tumieni kipimo cha sentimita 1 kwa mita 1. Penseli nyembamba, mshale wa kaskazini, tarehe, majina ya waliopima. Namba isiyosomeka iachwe wazi na iwekewe alama ya kuuliza. Asibuni mtu. Mchoro wenye pengo la kweli ni bora kuliko uliojazwa kwa kubahatisha.

## Hatua ya 9: Makumbusho, siku ya pili

Ndani ya wiki moja wapelekeni Kasri la Makumbusho. Thibitisha siku tatu kabla kama liko wazi. Sehemu ya jirani yake, Beit al-Ajaib (Nyumba ya Maajabu), iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na kazi za ukarabati katika eneo lile zinaweza kubadilisha ratiba. Kama limefungwa, kaeni Forodhani mchore uso wake kutoka upande wa bahari, kama mlivyofanya Mtoni.

Kasri la kwanza mahali hapa lilipigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, na lililopo leo lilijengwa baadaye. Baada ya Mapinduzi ya 1964 liliitwa Kasri la Watu, na 1994 likafanywa makumbusho. Hayo yanatosha, yasomeni garini.

Ndani, kila mwanafunzi awe na mchoro wake wa Mtoni au Maruhubi mkononi. Kazi ni moja: achague kitu kimoja, kitanda, kabati, saa au kiti, akipime kwa shubiri, kisha aamue kingekaa wapi kwenye mchoro wake, na kama kingepita mlangoni. Wengi hugundua kwamba kitanda kikubwa kinapata chumba kwa urefu tu, kwa sababu ya boriti. Kwenye chumba cha Sayyida Salme wape muda mrefu zaidi. Wameshasimama pale alipozaliwa, na nimeona wanavyoitazama picha yake kwa utulivu.

Mkimaliza, toeni nakala mbili za michoro iliyo safi. Moja ipelekeni Idara pamoja na barua ya shukrani. Ya pili mpelekeeni mlinzi wa Maruhubi. Mara ya mwisho nilipompelekea, mzee yule aliivuta miwani yake, akafuata safu kwa kidole hadi nguzo ya saba, akasema, "Hii imemeguka tangu mvua zilizopita. Mmeichora nzima." Ilikuwa kweli. Tulirudi Jumamosi tukaipima upya.